Tumbo Kubwa Si Cheo

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Katika makambi yetu mutu akinenepa tunamusifu. Tunasema: «Baba amekaa vizuri, mushahara unamuingia mwilini.» Mutu akikonda tunamusikitikia, na wengine wananong'oneza mambo ya magonjwa. Kwa hiyo mwanaume akifika miaka 40, akipandishwa kazi kidogo, na tumbo likianza kusukuma vifungo vya shati, yeye hashituki. Bibi yake vilevile hashituki. Anafurahi hata, kwa sababu majirani wataona kwamba anamutunza mume wake.

Maoni yangu ni haya, na ninayasema wazi: tumbo kubwa si cheo. Si alama ya utajiri, na si alama ya kutunzwa. Ni muzigo. Mutu anaubeba toka asubuhi mpaka usiku, anaupandisha ngazi, anaulalia kitandani, na hakuna anayemulipa hata franka moja juu yake. Kama tumekubali kuvaa kofia ngumu na viatu vya kazi ili kulinda kichwa na miguu, tunapaswa kukubali pia kulinda kiuno.

Kazi imebadilika, sahani haikubadilika

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalifikirie. Wazee wetu walioingia kazini zamani za Union Minière, kampani iliyoundwa mwaka 1906, walipewa posho ya kupimwa: bunga, nyama ao samaki, mafuta ya ngazi, maharagi, karanga, chumvi. Posho ile ilikuwa na sababu. Mutu alipiga sururu, alisukuma wagoni, alibeba mbao, alitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi. Mutu wa kazi nzito namna hiyo anahitaji kalori 3500 kwa siku, ao zaidi. Bila chakula kingi angeanguka.

Leo tutazame kazi yetu. Wengi wetu tunakaa. Shofere wa kamyo kubwa anakaa. Mutu wa mashini ya kuchimba anakaa. Mulinzi anakaa, karani anakaa, musimamizi anazunguka na jipe. Asubuhi bisi ya kampani inakuja kukupokea karibu na mulango, jioni inakurudisha palepale. Mwanaume anayefanya kazi ya kukaa anatosheka na kalori karibu 2500. Lakini sahani ni ileile ya baba aliyepiga sururu: mulima wa bukari, mboga inayoogelea ndani ya mafuta, na kisha chupa mbili za kuteremusha.

Kalori 1000 zinazobaki kila siku zinakwenda wapi? Mwili hautupi kitu. Unaweka akiba, na gala lake ni tumbo.

Miaka nayo inasaidia kazi hiyo mbaya. Mutu akipita miaka 30 ao 40, mwili unaanza kupoteza nyama ya mikono na ya miguu polepole, kama hafanyi kazi ya nguvu. Nyama hiyo ndiyo inayokula kalori. Ikipunguka, chakula kilichokutosha ulipokuwa na miaka 25 kinakuwa cha kupita kiasi ukiwa na miaka 45. Basi usiseme: «Mimi ninakula kama zamani, kwa nini ninanenepa?» Unanenepa kwa sababu hiyohiyo, unakula kama zamani.

Kwa nini tunaandika neno hili kwenye ukurasa wa usalama

Wengine watasema: tumbo langu linahusu nini usalama wa mugodi? Linahusu sana.

Kwanza, joto. Mafuta ya mwili ni kama blanketi. Mutu munene anapofanya kazi pahali pa joto, chini ya udongo ao juani, mwili wake unashindwa kutoa joto upesi. Anachoka mbele ya wenzake, kichwa kinamuzunguka, anaweza kuanguka.

Pili, ngazi na kamba. Siku ya hatari, wakati umeme umekatika na kila mutu anapaswa kupanda kwa miguu yake, mwenye kilo 25 za ziada anapanda kama mutu aliyebeba mufuko wa bunga mgongoni. Yeye anachelewa, na walio nyuma yake kwenye ngazi wanachelewa pamoja naye. Tena mukanda wa usalama umetengenezwa kwa kilo fulani. Soma kibandiko chake, halafu panda kwenye mizani.

Tatu, usingizi. Mutu munene mwenye shingo nene mara nyingi anakoroma sana usiku. Bibi yake anamusikia anakoroma, ananyamaza kabisa, halafu anashituka akivuta pumzi kwa nguvu. Huo si usingizi wa kweli, koo inajifunga na hewa haipite. Asubuhi anaamuka akiwa amechoka. Na mutu huyo anakwenda kushika usukani wa kamyo yenye kubeba tani 100 za mawe. Mama, kama unasikia mambo hayo usiku, usicheke. Mulete hopitali. Pengine utaokoa yeye na wenzake.

Ine, tansio na sukari. Tansio ikifika 140 kwa 90 ao kupita, na ikionekana hivyo mara kwa mara, ni ugonjwa. Sukari ya damu asubuhi mbele ya kula ikifika gramu 1,26 kwa litri moja, na kipimo cha pili kikikubali vilevile, ni ugonjwa. Yote mawili yanakuja bila kupiga hodi. Hakuna maumivu. Mutu anasema yeye ni muzima, mpaka siku mukono na muguu wa upande mumoja unakufa, ao macho yanaanza kuona ukungu. Kwa mutu wa mugodi kuko hatari nyingine: ugonjwa wa sukari unaua hisia za miguu. Jiwe dogo linaingia ndani ya kiatu cha kazi, linasugua kutwa, yeye hasikie kitu. Jioni anavua soksi, anakuta kidonda. Vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyopeleka watu kukatwa muguu.

Na kuko jambo la tano ambalo kila baba wa jamaa analielewa bila kufafanuliwa. Mutu wa tansio kali ao wa sukari isiyotulia, munganga wa kazi anaweza kumuondoa kwenye usukani ao chini ya udongo. Ukitoka pale, marupurupu yanaweza kutoka pamoja nawe. Watoto wako wa masomo watakuuliza.

Wale wanaokimbia mizani

Kwa sababu hiyo ya tano, ninaona wanaume wengi wanaikimbia mizani. Siku ya kupimwa wanatafuta sababu: mara anasafiri, mara ana kilio, mara shefu amemuita. Wengine wanakuja lakini asubuhi hiyo wamekunywa majani ya kuteremusha tansio kwa siku moja. Wanafikiri hivi: nikionekana na ugonjwa, nitapoteza kazi.

Ninaielewa hofu hiyo, lakini ninasema kwamba inahesabu vibaya. Mutu anayekuja mapema, na tansio imepanda kidogo na kiuno kimeongezeka kidogo, yeye bado ana njia nyingi: chakula, miguu, kisha kidonge kimoja ikihitajiwa. Anaendelea na kazi yake. Mutu anayejificha miaka mitano anakuja akibebwa na wenzake. Huyo ndiye anayepoteza kazi. Mizani haikufukuze kazini. Inakuonyesha tu njia wakati bado kuko njia.

Hata bila mizani unaweza kujipima nyumbani. Kamata kamba. Simama wima, bibi yako apime urefu wako toka kisigino mpaka utosi, akate pale. Kunja kamba ile mara mbili. Sasa izungushe kiunoni, pale kwenye kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Kama ncha mbili zinakutana, vizuri. Kama hazikutani, kiuno chako kimepita nusu ya urefu wako, na hatari imeanza. Bibi naye ajipime vilevile. Kamba haina upendeleo.

Wenye kupenda hesabu, kuko njia ya pili. Kamata kilo zako, gawa kwa urefu wako wa metre, gawa tena kwa urefu uleule. Mutu wa kilo 92 na urefu wa metre 1,70 anapata karibu 32. Toka 18,5 mpaka karibu 25 ni vizuri. Toka 25 ni uzito wa ziada. Toka 30 ni ugonjwa wa unene.

Kilo zinatoka wapi

Tuhesabu kama tunavyohesabu mushahara.

Chupa moja kubwa ya pombe inaleta kalori karibu 300. Chupa mbili kila jioni ni 600. Kwa mwezi ni kalori 18000. Mwili usipozitumia, ni zaidi ya kilo 2 za mafuta. Na hapo sijahesabu nyama ya kuchoma inayokuja pamoja na chupa, na chumvi yake.

Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kinaleta kalori karibu 120, ikiwa ni mafuta ya ngazi ao mafuta meupe, hesabu ni ileile. Mafuta ya ngazi ni mazuri, yana vitamini A, sikatai. Lakini sombe haihitaji kuogelea. Tazama sahani yako kisha ya kula: kama mafuta mekundu yanabaki chini, yalikuwa mengi.

Chupa ndogo ya maji ya sukari yenye povu ina sukari karibu gramu 30, ni kama vijiko 6 vidogo. Ungemwona mutoto anatia vijiko 6 ndani ya kilauri kimoja ungemupiga kelele. Lakini wewe unakunywa chupa tatu ndani ya bisi na unasema: «Mimi sikunywi pombe.»

Bukari yenyewe si adui. Ni chakula chetu, ilitulea. Shida ni mulima. Bukari mbili za ngumi yako zinatosha kwa mutu wa kazi ya kukaa. Anayepiga koleo kutwa anaweza kuongeza.

Kufanya namna gani

Sitakuambia ule vyakula vya watu wa magazeti ya Ulaya. Dawa yetu iko sokoni kwetu na kwenye bustani zetu: lengalenga, matembele, sombe, majani ya maboga, ngaingai, maharagi, samaki wadogo, vinkubala, papai, machungwa. Wazee wetu walikula hivyo na wengi hawakujua tumbo. Ni aibu kwamba leo tukipata mushahara tunaviita vyakula vya masikini, na kukimbilia kuku wa mafuta na mikate ya sukari.

Kwa sahani, fuata sheria hii rahisi. Nusu ya sahani iwe majani na mboga. Robo iwe samaki, maharagi, nyama ao vinkubala. Robo inayobaki iwe bukari ao wali. Kula polepole, ukiongea na jamaa. Tumbo linachukua karibu dakika 20 kupeleka habari kwamba limeshiba. Mutu anayemeza haraka anamaliza sahani ya pili mbele habari haijafika.

Chumvi ipunguzwe. Shirika la Afya la Dunia linasema isipite gramu 5 kwa siku kwa mutu mukubwa, ni kijiko kimoja kidogo kwa chakula chote cha siku. Kumbuka kwamba samaki wa chumvi na vipande vya Maggi tayari vina chumvi ndani.

Kwa pombe, sitaki kupigana na mutu. Anayeweza kuacha, aache. Asiyeweza, apunguze siku: badala ya kila jioni, siku moja katika juma, na siku hiyo chupa moja. Na asinywe hata tone kama anangojea kuingia kazini.

Kwa wale wa kazi ya usiku, neno la pekee. Kula chakula chako kikubwa nyumbani mbele ya kutoka. Kati ya usiku kamata kitu kidogo: karanga chache, ndizi, yai. Maji mengi. Chai bila kilima cha sukari. Asubuhi ukirudi usijaze tumbo halafu kulala palepale. Kula kidogo, funga madirisha, lala saa zako zote. Mutu anayekosa usingizi anasikia njaa zaidi, hilo limehakikishwa. Mama, siku baba ametoka usiku, redio na watoto viende nje. Usingizi wake ni sehemu ya usalama wake.

Sasa miguu. Mutu mukubwa anapaswa kutembeza mwili dakika 150 kwa juma, kwa uchache. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Si lazima kukimbia. Tembea kwa haraka, ile haraka ambayo bado unaweza kusema lakini huwezi kuimba. Teremuka kwenye bisi kituo kimoja mbele ya kwako. Panda kinga kwenda sokoni. Shika jembe shambani wakati wa mvua. Tena mara mbili kwa juma, fanya kazi ya nguvu ya mikono na miguu nyumbani: kaa kwenye kiti na usimame mara 10 bila kushika kitu, pumzika, rudia, sukuma ukuta kwa mikono mara 10, pumzika, rudia. Hivyo nyama ya mwili inarudi.

Ninawaomba msamaha washabiki wa mupira. Kila Siku ya Mungu tunabishana juu ya Mazembe na Lupopo, koo zinakauka, tunarudi tumechoka kana kwamba tulicheza. Lakini waliokimbia ni wale vijana 22. Sisi tulikaa. Na wazee wanaocheza kweli asubuhi, ninawasifu, ila wasimalize muchezo na chupa nne kila mutu. Saa moja ya kutembea kwa haraka inachoma karibu kalori za chupa moja tu. Ukikimbia saa moja na nusu halafu ukanywa nne, umefungwa magoli mengi.

Onyo moja: kama umepita miaka 40 na hujafanya mazoezi muda murefu, ao uko na tansio, ao uko na sukari, pita kwanza hopitali ujipime. Anza na dakika 10. Kifua kikibana, pumzi ikikatika kupita kiasi, ao kichwa kikizunguka, acha palepale na uje.

Usiwe na haraka

Kilo zilizokuja kwa miaka 15 hazitatoka kwa juma mbili. Nusu kilo kwa juma inatosha, kilo moja ni mwisho. Anayekuuzia chai ao vidonge vya kukondesha kilo 10 kwa mwezi anakuuzia kuharisha. Yanayotoka ni maji, na yatarudi siku utakapokunywa.

Na si lazima urudie mwili wa siku ya ndoa yako. Yule mutu wa kilo 92, akipunguza kilo 6 tu, tansio yake na sukari yake vitapata faida. Kilo 6, kwa nusu kilo kila juma, ni miezi mitatu. Tangu sasa mpaka siku watoto watakapoleta bulletin ya shule, kazi imekwisha.

Katika Marekani, uchunguzi mukubwa uliotangazwa mwaka 2002 ulifuata watu zaidi ya 3000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilifundishwa kupunguza 7 kwa mia ya uzito na kutembeza mwili dakika 150 kwa juma. Kundi lingine lilipewa kidonge. Katika kundi la kidonge hatari ya kupata ugonjwa ilishuka kwa 31 kwa mia. Katika kundi la miguu na sahani ilishuka kwa 58 kwa mia. Miguu ilishinda kidonge. Na miguu hailipishwi.

«Watasema niko mugonjwa»

Hili ndilo neno ninalosikia kupita yote. «Munganga, nikikonda watasema niko na SIDA.» Wanaume wazima, wasiogopa baruti, wanaogopa kinywa cha jirani.

Ndugu, jirani hatakuja kukulishia watoto. Ila kuna tofauti moja ambayo kila nyumba inapaswa kuijua. Mutu anayepunguza tumbo kwa kusudi, anayekula vizuri na kutembea, nguvu zake zinaongezeka. Analala vizuri, anapanda ngazi bila kuhema. Lakini mutu anayekonda bila kutaka, hata kama alikuwa munene na wenzake wanamusifu, huyo aje hopitali upesi. Kukonda bila sababu, kukohoa kupita juma mbili, jasho la usiku, homa ya jioni: hizo zinaweza kuwa alama za kifua kikuu. Sisi watu wa mugodi tunapaswa kuangalia zaidi, kwa sababu vumbi la mawe linafungulia ugonjwa huo mulango. Kukonda pamoja na kiu kubwa na kukojoa mara nyingi usiku kunaweza kuwa sukari. Magonjwa hayo yote yana dawa, na SIDA vilevile ina vidonge vinavyomuwezesha mutu kuishi na kufanya kazi miaka mingi. Kinachoua ni kujificha.

Kwa mama

Mama, mwiko uko mukononi mwako. Pesa zote za afya ambazo kampani inatumia haziwezi kushinda mwiko huo. Zamani katika Foyer mama walijifunza kupika na kugawa chakula. Wale waliopita pale wafundishe binti zao. Usimupime mume wako upendo kwa kilo za bukari. Na usimupakulie sahani ya pili mbele hajaomba.

Kwa ajili yako mwenyewe pia ninasema. Kuko vidonge vinavyouzwa sokoni kwa kunenepesha mwili, na wasichana wanavimeza kama pipi ili wapate umbo. Ndani ya vile mara nyingi mna deksametazoni. Hiyo ni dawa ya nguvu. Munganga anaitumia kwa magonjwa makubwa na anahesabu siku. Ukiimeza hovyo, inapandisha tansio na sukari, inaharibu mifupa. Ukiwa umeizoea na kuiacha kwa gafula, inaweza kukuangusha. Usiruhusu binti yako aimeze. Mwanaume anayesema bibi yake lazima awe munene ili watu wamuheshimu, huyo anauza afya ya bibi kwa sifa yake.

Kwa wakubwa wa kazi

Nitakuwa nimekosa haki kama nitawaonya wafanyakazi peke yao. Mutu anayepita saa 12 kazini anakula kile anachopewa. Kantini ikitoa bukari na mafuta kila siku, na majani mara moja kwa juma, hesabu ya kiuno haiwezi kuwa ya mufanyakazi peke yake. Ninaomba vitu vine, na havigarimu sana: majani kila siku kwenye kantini, maji safi ya baridi karibu na kila ekipi, ili watu wasizimie kiu kwa maji ya sukari, mizani na kipimo cha tansio pahali ambapo mutu anaweza kupita bila kupanga musitari, na neno wazi kutoka kwa wakubwa kwamba mufanyakazi anayekuja mapema na ugonjwa mudogo atasaidiwa, hataazibiwa. Hilo la ine ndilo kubwa. Watu wakiliamini, mizani haitakimbiwa tena.

Juma hili

Nisikuache na maneno mengi. Fanya mambo matatu juma hili. Kesho, pima kiuno na kamba, wewe na bibi yako. Toka siku hiyo, punguza kitu kimoja tu kinachojulikana: chupa ya jioni, ao maji ya sukari, ao nusu ya mulima wa bukari. Na kila siku ya kazi, tembea nusu saa. Kisha juma ine, rudi kwenye kamba. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Kwa njia hiyohiyo, haba na haba humwaga kibaba.

Kampani inahesabu tani za shaba kila mwezi. Jamaa yako inahesabu kitu kingine: miaka utakayoishi kisha ya kazi, ukiwa umekaa mbele ya nyumba yako, miguu yote miwili iko, macho yanaona, unawaambia wajukuu ginsi mugodi ulivyokuwa. Pansio ni kwa mutu muzima. Mulango wa dispensari uko wazi. Ingia mbele hujabebwa.

Musaidizi wa munganga